Tiyo (mabomba), robine (koki) na manjanja (mabati): tuachane na puse tubaki na milimita?

Mtoto wa Birere (Goma)
Wakubwa kwa wadogo, jambo. Inchi yetu ya Kongo inapima kwa mita tangu wakati wa Wabelgiji. Shamba ni hekta, njia ni kilomita, mfuko wa simenti ni kilo 50. Lakini ingia duka la vifaa vya maji uombe robine, unaulizwa: ya nusu puse ao ya robo tatu? Puse moja (Waingereza wanaiita "inch") ni milimita 25.4 kamili, basi nusu ni 12.7. Pima uzi wa hiyo robine, pale inapokazwa kwa kuzungushwa, unapata karibu 21. Kipimo gani hicho kisicholingana na kitu unachogusa? Mimi nasema OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, ikatae mzigo wowote wa vifaa vya maji usioandikwa milimita. Munasemaje?

Fundi wa Kadutu (Bukavu)
Mdogo wangu, 12.7 hutaipata popote kwenye robine hiyo, usiitafute. "Nusu" ni jina lililobaki kutoka kwa tundu la ndani la tiyo za chuma za zamani. Uzi wa nje wa nusu una milimita 20.955, meno 14 kwa kila puse. Robo tatu ni 26.441, meno 14 vilevile. Puse nzima ni 33.249, meno 11. Wafaransa wanaziita 15/21, 20/27 na 26/34, yaani upana wa tundu kwa ndani na upana wa tiyo kwa nje.

Sasa ondoa puse uone hasara. Mteja anakuja anasema "nipe ya 20". Unampa ipi? 20/27 ya chuma ni robo tatu. Tiyo ya plastiki ya PPR ya 20 ni nusu, kwa sababu PPR inahesabiwa kwa nje. Ile ya PN20 (namba ya presha inayobeba) ina ukuta wa 3.4, tundu linabaki 13.2 tu. Zote mbili ni milimita, zote mbili ni "20", na moja haiingii kwenye nyingine. PPR 25 ndiyo inayokwenda na robo tatu, 32 na puse nzima. Shida yenu watu wa Goma ni kupima kabla ya kuuliza.

Kijana wa Virunga (Goma)
Watu wa Goma wameingiaje hapa? Mji huu tuliujenga upya juu ya lava ya 2002, kupima tunajua. Afazali museme juu ya manjanja yanayotoka kwenu Bukavu, yameandikwa BG 28 (namba ya unene) na ukiyabonyeza kwa kidole yanaitika.

Fundi wa Kadutu (Bukavu)
Manjanja yanayotoka kwetu? Bukavu ina kiwanda gani cha manjanja? Mzigo ni uleule unaopita mipakani, wa kwenu na wa kwetu. Rudisha hilo neno.

Yaya wa Katuba (Lubumbashi)
Muache kugombana, huyo kijana amegusa jambo kubwa kuliko robine. Kwenye malata, yaani hayo manjanja, ndipo watu wanaibiwa kila siku, na wanaibiwa kwa sababu ya namba ya Waingereza. BG inakwenda kinyume: namba ikipanda, chuma kinapungua. BG 28 ni karibu milimita 0.40. BG 30 ni 0.31. BG 32 ni 0.25. Mtu anayelipa 28 akapewa 32 amepoteza zaidi ya theluthi moja ya chuma chake, na kwa macho hataona.

Papa Ndosho (Goma)
Hapana yaya. 32 ni nzito. Chuma cha 12 kinashinda cha 8, kila mjenzi anajua. Namba kubwa, chuma kikubwa.

Yaya wa Katuba (Lubumbashi)
Papa, kwa heshima yote: chuma cha zege kinahesabiwa kwa milimita, ndiyo maana 12 inashinda 8. Malata yanahesabiwa kwa BG. Ukichanganya hizo mbili utamwambia mtu anunue 32 akifikiri amepata bora, na upepo wa kwanza utayatoa kwenye misumari.

Mwanafunzi ISTA
Hata Wamarekani walipoteza chombo chao cha anga kilichokwenda sayari ya Mars kwa sababu ya futi, 1998 ao 1999.

Fundi wa Kadutu (Bukavu)
Kiliondoka 1998, kikapotea 1999. Na hazikuwa futi. Upande mmoja ulitoa nguvu kwa pauni, upande mwingine ukaisoma kama nyutoni. Lakini hiyo haihusu manjanja, na bado nangoja neno langu lirudishwe.

Mama Depo (Goma)
Mimi nauzisha manjanja, acheni niseme namna ya kuhakikisha. Leteni palmeri, kile chombo cha kubana na kusoma unene, si mita ya kamba. Ingieni ndani kidogo kutoka ukingoni, kwa sababu mkasi wa kiwanda unaacha ukingo umevimba na unadanganya. Pimeni sehemu tatu. Kama limepakwa rangi, kwarueni upande mmoja na mwingine kwanza.

Usipokuwa na palmeri, tumia mizani. Chuma cha mita moja ya mraba chenye unene wa milimita 1 kina kilo 7.85. Janja la mita 3 ambalo bapa yake kabla ya mawimbi ni sentimita 90 lina mita za mraba 2.7. Kwa 0.40 linatoa karibu kilo 8.5, kwa 0.25 linatoa kilo 5.3. Tofauti ya kilo 3 kwa janja moja mkono wenyewe unaisikia. Na mkumbuke kupima upana wa bapa: ukichukua upana wa janja lililokwisha kukunjwa, hesabu itatoka ndogo.

Kijana wa Virunga (Goma)
Sasa mama, kwa nini dukani hamuandiki 0.40 ukutani?

Mama Depo (Goma)
Naandika. Mteja anauliza "hii ni BG ngapi?" Nisipomjibu kwa BG anavuka njia.

Mtoto wa Birere (Goma)
Hapo ndipo ninaposema! Karatasi ya mzigo ikilazimishwa milimita, mteja atajifunza ndani ya mwaka mmoja.

Jirani ya Volkano (Goma)
Unene peke yake hautakusaidia hapa. Moshi wa Nyiragongo unageuza mvua kuwa asidi, na asidi inakula zinki kwanza. Zinki inahesabiwa kwa gramu kwa mita ya mraba, pande zote mbili pamoja. Z275, yaani gramu 275, inatoa karibu mikroni 19 kila upande, Z100 inatoa 7. Janja la 0.40 lenye Z100 litapata kutu mbele ya la 0.31 lenye Z275. Kama munaomba sheria, ombeni namba mbili: milimita za chuma na gramu za zinki.

Papa Ndosho (Goma)
Tulianza na puse, sasa tuko kwenye gramu na mikroni. Nani atayasoma hayo sokoni?

Jirani ya Volkano (Goma)
Yule anayelipa, papa. Ni pesa yake.

Mtoto wa Birere (Goma)
Swali langu la robine bado. Fundi, pompi iliyotoka Marekani, mdomo wa puse moja, rakori (kiungo) yetu ya puse moja inaingia mizunguko miwili inakwama. Nayo ni jina tu?

Fundi wa Kadutu (Bukavu)
Hapana, hiyo ni uzi mwingine kabisa. Ya Marekani ni NPT: meno 11.5 kwa puse, yetu 11, na pembe ya jino ni digrii 60 mahali pa 55. Usiikaze kwa nguvu, utapasua mdomo wa pompi. Kwenye nusu na robo tatu ni mbaya zaidi, maana meno ni 14 kote, inaingia vizuri, unafunga teflon, halafu inavuja pole pole ndani ya ukuta. Nunua adapta ya shaba ya NPT kwa BSP (BSP ndiyo uzi wetu), uiweke palepale kwenye pompi, kuanzia hapo fanya kazi na uzi wako. Na uandike kwa rangi juu yake, fundi atakayekuja nyuma yako asiitoe.

Kijana wa Virunga, wewe nakungoja.