Natafuta kaburi la babu huku Jinja, niko na kipande cha gazeti tu

Mjukuu_Walukuba
Habari zenu ndugu. Hii kitu imenikaa kichwani tangu tuzike shangazi. Babu mzaa baba alitoka West Nile, kule kaskazini-magharibi ya Uganda, kuja Jinja wakati wanajenga bwawa la Owen Falls, likaisha 1954 yeye akabaki hapa hapa Walukuba mpaka kufa. Baba amezaliwa 1961, anamkumbuka koti na kikohozi tu, basi. Nyumbani wote wanasema alikufa 68.

Sasa kwenye sanduku la shangazi tumekuta kipande cha gazeti, ukubwa wa kiganja, Kiingereza, kimekatwa na makasi vizuri ila tarehe hakuna na jina la gazeti hakuna. Familia ya marehemu Ramathan (jina la pili mchwa wamekula imebaki "Abd") inashukuru wote waliokuja kwa msiba, alizikwa Ijumaa tarehe 14, halafu pale pa mwezi ni tundu. Chini majina ya ndugu kama sita. Nimezunguka makaburi ya mji siku mbili nasoma mawe mpaka shingo inauma na sijapata kitu. Nianzie wapi? Na kaka yake babu alienda KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni), wakampeleka Burma hakurudi, huyo naye anaweza kupatikana?

Karani_mstaafu
Acha kwanza mambo ya makaburi. Geuza hicho kipande, nyuma kuna nini?

Mjukuu_Walukuba
Banange sikuwahi hata kuangalia! Kuna nusu ya tangazo la baiskeli na mistari minne ya habari, inasema Waziri Mkuu Obote aliwaambia... halafu makasi yamepita.

Karani_mstaafu
Basi babu yako hakufa 68. Obote alikuwa Waziri Mkuu toka mwisho wa April 1962 mpaka April 1966, baada ya hapo anaitwa Rais. Watu wa nyumbani hawadanganyi, wanahesabu tu kwa kukisia, mtu anakwambia "mwaka ule wa njaa" na kila mtu ana njaa yake.

Sasa chukua kalenda. Katika ile miaka yote minne, Ijumaa ikaangukia tarehe 14 mara saba tu: Septemba na Desemba 1962, Juni 1963, Februari na Agosti 1964, Mei 1965, Januari 1966. Nimehesabu mara mbili mke wangu ananiita chakula kinapoa. Gazeti kubwa la Kiingereza hapa siku hizo lilikuwa Uganda Argus (hilo ndilo baadaye likageuzwa Voice of Uganda) na maktaba kuu ya Makerere wanaweka magazeti ya zamani. Nenda na kitambulisho na kalamu ya risasi, na karatasi zile geuza polepole kwa mikono miwili maana zinavunjika kama chapati iliyolala. Na usitafute tarehe 14 yenyewe, hilo ni tangazo la shukrani, linatoka wiki moja, mbili, hata mwezi baada ya mazishi.

BintiTororo
Kuhusu yule wa Burma: Commonwealth War Graves Commission, wale wanaotunza makaburi ya askari wa vita, wako na tovuti, unatafuta bure. Wanaweka waliokufa kwa vita ya pili mpaka 31 Desemba 1947. Askari wa KAR ambao kaburi halijulikani huko Burma majina yao yako kwa Rangoon Memorial, pale Taukkyan. Lakini usiandike jina kama mnavyoliita nyumbani, mzungu aliandika alichosikia. Mimi wa kwetu nilimpata kwa namba yake ya jeshi, jina lake lilikuwa limeharibiwa mpaka mama yake asingelijua. Jaribu Ramadhan, Ramathan, Ramazani, hata Lamazani. Na ujue pia hapa kwetu ndugu wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina mbali mbali kabisa, hakuna kitu kama jina la ukoo la kufuata kama Ulaya.

Mzee_wa_Bombo
Mwanangu, shikamoo zako nimezipokea ingawa hujatoa 😀

Ulikuwa unasoma mawe ya nini? Ramathan huyo ni Mwislamu. Wazee wetu wengi hawakuwekewa jiwe la jina, ni tuta la udongo, mawe mawili, pengine mti. Hata majirani wasio Waislamu, wengi walirudishwa kwao, Muganda anazikwa kwenye kiggya cha ukoo wake, makaburi ya mji yanabaki ya wageni na wasio na mtu. Wewe nenda msikiti aliokuwa anasali, uliza nani aliosha maiti miaka ile, kama amekufa uliza mwanae. Pitia kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) kwanza wasije wakadhani unatafuta ardhi. Mimi nilifukuzwa mahali na panga kwa sababu hiyo, nimekuja na daftari tu maskini!

Na yale majina sita ya chini ndiyo mali kuliko kaburi. Yanasemaje, wanaishi wapi?

Mjukuu_Walukuba
Shikamoo mzee, samahani sana 🙏 Kuna mdogo wake polisi Mbale, dada yake Arua, na mmoja ameandikwa shemeji, wa Bombo.

Mzee_wa_Bombo
Marahaba. Huyo wa Bombo usimwandike hapa, nitumie jina inbox. Watu wengi wa hapa walikimbia 1979 Amin alipoanguka lakini waliorudi tunajuana. Swali lingine, nyumbani hawakumbuki msiba ulikuwa wakati gani, mvua, mavuno, mfungo?

Mjukuu_Walukuba
Mfungo! Shangazi alikuwa anasema kila mwaka, wageni wa matanga walifuturu uani kwetu siku tatu na uji ukaisha wakaazima masufuria kwa jirani Mluo.

Mzee_wa_Bombo
Hapo sasa. Katika zile saba za karani, ziko mbili tu ndani ya Ramadhani. Februari 1964 tarehe 14 ni mwisho kabisa, Idi imegonga mlango, hakuna siku tatu za kufuturu hapo. Januari 1966 mfungo ulikuwa umebaki wiki moja na kidogo.

Karani_mstaafu
Na baba yake alikuwa na miaka minne au mitano, ndiyo maana anakumbuka koti. 64 angekuwa mdogo mno. Mzee nakuvulia kofia.

Mjukuu_Walukuba
Nimetetemeka kidogo jamani. Jina nimekutumia mzee. Jumatatu napanda teksi ya asubuhi kwenda Makerere, naanza na Argus ya 15 Januari 1966 naenda mbele mpaka mwisho wa Februari. Baba anataka kuja pia, nimemwambia miguu yake haiwezi zile ngazi, akaniuliza kwani magazeti yanasomwa kwa miguu.