Filamu ya babu inanuka siki, na ndani kuna picha za runinga. Nifanyeje?

Mjukuu wa Fundi: Wakuu, salaam. Marehemu babu alikuwa fundi mitambo kwenye kituo cha runinga Nairobi miaka ya 60. Juzi tumefungua sanduku lake tukakuta kopo la bati, ndani filamu ya milimita 16. Nikainua mwanzo wake dirishani: mtu kakaa mezani anasoma karatasi, pembe za picha zimeviringika, na mistari myembamba ya kulala inampita usoni. Inanuka siki hadi macho yanawasha. Jirani ana projekta. Tuiweke tuone?

Kasuku: Piga ukutani, rekodi kwa simu. Kazi imekwisha.

Mzee wa Reli: Usithubutu! Hiyo siki ni asetati, yaani plastiki ya filamu, inayooza. Filamu ya namna hiyo husinyaa, na ikisinyaa hata asilimia 1 tu, matundu hayakai sawa kwenye meno ya projekta. Itachanika mkiitazama.

Na hiyo mistari si mchezo. Hapo kamera ya filamu ilielekezwa kwenye kioo cha runinga. Mashine ya mkanda wa video ya Ampex ilitoka 1956, lakini mikanda ilikuwa ghali, ikafutwa na kutumika tena. Filamu ndiyo iliyobaki. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vya Doctor Who, tamthilia ya runinga ya Uingereza, ambavyo BBC yenyewe haikuwa navyo, vimepatikana Jos, Nigeria. Vilikuwa kwenye filamu kama hiyo yako.

Kasuku: Kumbe nao walirekodi kioo kama mimi na simu yangu 😂

Mzee wa Reli: Ndiyo, ila kamera yao ilikwenda sambamba na runinga. Mfumo wa Kenya ulikuwa picha 25 kwa sekunde, filamu nayo 25. Wamarekani ndio walihangaika, runinga yao 30 na sinema 24.

Bi Makabati: Mwanangu, nimetunza filamu miaka mingi. Itoe kwenye hilo bati, weka kopo la plastiki linalopitisha hewa, maana mvuke ukifungiwa unazidisha kuoza. Iwe pakavu, pa baridi, mbali na filamu nyingine. Halafu tazama kingo: matundu yako upande mmoja au pande zote?

Mjukuu wa Fundi: Upande mmoja, shangazi. Upande wa pili kuna mstari mweupe unaochezacheza kama mawimbi.

Bi Makabati: Sauti hiyo! Inasomwa kwa mwanga. Tafuta wenye skana isiyo na meno, uwaulize hilo kabla hata ya bei. Na waambie 25, si 24, la sivyo msomaji wako atatoka na sauti nzito isiyo yake.

Mjukuu wa Fundi: Nashukuru sana. Mama kaifukuza jikoni, anasema mchele umeanza kunuka. Inalala chumbani kwangu, kesho naanza kupiga simu.