Waya wa umeme wa bei kubwa kwa amplifaya: nichague upi?

Sikio la Tabata

Wakuu, salaam.

Ninayo amplifaya ya stirio yenye wati 80 kwa kila upande, kicheza sidii na spika mbili za kusimama sakafuni, vitu ambavyo nimevikusanya polepole kwa miaka sita. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga. Mdogo wangu anayeishi London anakuja likizo mwezi ujao, na ameniambia nichague waya wa umeme wa daraja la juu ili auchukue hukohuko, kwa kuwa wauzaji wa vifaa hivi husema kwamba waya unaokuja ndani ya boksi la amplifaya ni wa kuondolea lawama tu. Ninaoufikiria una urefu wa mita 2, shaba iliyosafishwa sana, kinga ya wavu wa shaba na vichwa vilivyopakwa dhahabu. Ukigeuza bei yake kwa fedha yetu inakaribia shilingi 900,000.

Yanayonisukuma ni mambo mawili. Kwanza, spika zote mbili hutoa mvumo mdogo hata nisipocheza chochote. Pili, kuanzia saa moja jioni hadi kama saa nne usiku muziki hupungua nguvu, na ngoma nzito husikika kana kwamba zimefunikwa shuka. Je, waya wa namna hii utayatibu hayo? Na kama utayatibu, nizingatie nini ninapochagua?

Fundi Lehemu

Ndugu Sikio, nimekuwa nikitengeneza amplifaya hapa Arusha kwa muda mrefu, na swali lako huletwa mezani kwangu mara nyingi. Niruhusu nianze na hesabu.

Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani, yaani kule kuuzuia umeme usipite kwa urahisi, wa takriban omu 13 kwa kilomita. Waya wa mita 2 una njia ya kwenda na ya kurudi, yaani mita 4, hivyo ukinzani wake wote ni omu 0.05 na ushei. Amplifaya yako ikivuta ampea 2, ambazo ni nyingi kwa mtu anayesikiliza sebuleni, umeme utakaopotea humo ni sehemu moja ya kumi ya volti. Sasa geukia ukutani. Kutoka kwenye saketi breka hadi soketi ya sebuleni mafundi kwa kawaida huvuta waya wa milimita 2.5 za mraba, na ikiwa njia hiyo ni mita 20, kwa ampea hizohizo utapoteza zaidi ya nusu volti kabla hujafika kwenye plagi. Nyuma ya hapo kuna mita ya LUKU, waya wa kutoka kwenye nguzo, na transfoma ya mtaa ambayo unagawana na wachomelea mageti na friji za mabucha. Hata waya wa laki tisa ungekuwa hauna ukinzani kabisa, ungekuokolea ile sehemu moja ya kumi tu.

Kuhusu kupungua nguvu jioni, azima mita ya kupimia umeme, upime soketi yako saa nne asubuhi na tena saa mbili usiku. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 230. Ukishuka hadi 200, amplifaya ya kawaida yenye transfoma hubakiwa na takriban robo tatu ya nguvu yake ya juu, na hakuna waya utakaorudisha volti ambazo hazikufika nyumbani kwako. Hata hivyo, upungufu huo huonekana unapofungua sauti sana. Kwa sauti ya wastani, shuka unayoisikia huenda ni kelele za bodaboda na baa za jirani, ambazo Tabata saa mbili usiku hazikosekani.

Mvumo nao una utaratibu wake. Zima vyombo vyote, chomoa kila waya unaoingiza sauti nyuma ya amplifaya (za spika ziache), kisha iwashe ikiwa peke yake. Mvumo ukitoweka, rudisha waya mmojammoja mpaka umpate mkosaji. Je, umeunganisha king'amuzi? Dishi likifungwa kwenye chuma au bati lililogusana na ardhi, na amplifaya yako ikiwa na ethi yake (waya wa usalama wa kupeleka ardhini umeme uliovuja) kupitia plagi, umeme huzunguka kati ya njia hizo mbili za kwenda ardhini na kupita katika waya wa sauti, nao ndio mvumo wa hezi 50 unaousikia. Nakuomba jambo moja: atakayekushauri ukate waya wa ethi ndani ya plagi ili mvumo uishe, usimsikilize. Mvumo utaisha kweli, lakini siku transfoma ikivuja, bodi ya chuma ya amplifaya itakuwa na volti 230 zikimsubiri mtoto.

Mzee wa Santuri

Ndugu yangu Fundi, hesabu yako naikubali, ila imechukulia kwamba amplifaya hunywa umeme kwa utulivu kama mtu anywaye maji ya mtungi. Mambo hayako hivyo. Kepasita zake, zile zinazotunza umeme kwa muda mfupi ndani yake, hujazwa kwa mikupuo mifupi, mara 100 kwa sekunde, na kila mkupuo huvuta ampea nyingi kupita wastani. Mimi niko Mombasa, nimebadilisha nyaya tatu katika miaka kumi, na sitajifanya kwamba sikusikia kitu. Nilipoweka waya wenye kinga, rekodi zangu za taarabu za zamani zilitulia, na udi ukawa unasikika mpaka kucha inapogusa uzi.

Kwa hiyo bwana Sikio, kama fedha ipo na haitapunguza karo ya watoto, usikatazwe. Tazama tu kwamba kichwa cha upande wa amplifaya kinakaza barabara, na kwamba waya si mgumu kiasi cha kuning'inia na kuvuta tundu la nyuma.

Mama Spika

Wenzangu mnabishana juu ya waya halisi, mimi niwakumbushe ule wa bandia. Ninakodisha vyombo vya muziki kwa sherehe hapa Morogoro. Mwaka jana nilinunua dukani nyaya sita nene, zenye gamba la kusukwa na maandishi ya kuvutia, na muuzaji akaniapia kuwa ni milimita 2.5 za mraba. Katikati ya harusi nilishika mmoja nikakuta una joto kama chupa ya chai. Nilipoupasua kesho yake, unene wote ulikuwa mpira. Nyuzi za ndani zilikuwa chache, na nilipozikwaruza kwa kisu, rangi ya shaba ikatoka pakabaki weupe wa alumini. Zaidi ya hayo, plagi haikuwa na fyuzi, bali kipande cha chuma kilichotiwa mahali pake.

Tangu hapo hununua waya kwa kupima uzito mkononi, kwa kupitisha sumaku (ikinasa, ni chuma) na kwa kufungua plagi kabla sijalipa. Sumaku haimnasi alumini, ndiyo maana kisu nakihitaji pia.

Fundi Lehemu

Mzee wangu, kuhusu mikupuo umesema kweli. Basi tuseme inafika ampea 10: waya wa mita 2 utapoteza nusu volti kwenye kilele cha mkupuo, na waya wa ukutani volti 3. Uwiano haukubadilika. Kinga nayo ina kazi pale waya wa umeme unapolala sambamba na waya wa sauti, hasa wa santuri, ambao sauti yake ni dhaifu sana. Lakini ukizitenganisha kwa upana wa kiganja, na pale zinapolazimika kukutana ukazipitisha kwa umbo la msalaba, sehemu kubwa ya faida hiyo umeipata bila malipo.

Ama kusikia, sikupingi wewe, napinga namna tunavyojipima. Mwaka 2004 wapenzi wa sauti wa eneo la San Francisco, Marekani, pamoja na jarida la Secrets of Home Theater and High Fidelity, walilinganisha waya wa umeme wa kawaida na waya wa bei kubwa wa kampuni ya Nordost, wasikilizaji wakiwa hawajui upi umechomekwa. Kati ya majibu 149, yaliyokuwa sahihi ni 73. Ukirusha sarafu utapata hivyohivyo, na wale walikuwa watu wenye masikio yaliyozoea.

Kwa Sikio: mwambie mdogo wako alete waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, wenye plagi ya Uingereza ya pini tatu bapa, ambayo huingia katika soketi zetu moja kwa moja, na fyuzi halisi ya ampea 13, kwa kuwa transfoma kubwa huvuta sana unapoiwasha. Asije akakuletea wenye plagi ya mviringo ya Ulaya, kisha ukaanza kusukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la ethi kama tunavyofanya kwa chaja. Plagi ile itaingia, lakini ethi yake iko ubavuni, na katika soketi yetu haigusi chochote.

Sikio la Tabata

Nawashukuru nyote, naleta majibu. Nimepima kwa siku tatu: asubuhi nimepata volti 224 hadi 228, na saa mbili na nusu usiku 197. Nimeagiza stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, na nitaiweka mbali na kiti changu, maana nimeambiwa zina tabia ya kugonga kila volti zinapobadilika. Mvumo ulitoka kwenye king'amuzi, kama ilivyodhaniwa. Nilipochomoa waya wa dishi ulikatika papo hapo, na sasa nimeweka kitransfoma cha kutenganisha kwenye waya wa sauti unaotoka huko. Soketi yenyewe ilikuwa imelegea, plagi ikicheza kama jino la mtoto, nikaibadilisha.

Mdogo wangu ataleta waya aliousema Fundi, na fedha iliyobaki nimemwomba aninunulie sidii. Mzee wa Santuri, ukipita Dar karibu tujaribu ule wako, mke wangu ndiye atakayechomeka, sisi tukitazama ukuta.

Kilichobaki ni fito la ethi, kile chuma kilichozikwa ardhini ambako ethi ya nyumba huishia. Nimemwomba mwenye nyumba ruhusa ya kuleta fundi alikague, naye amenijibu kwamba nisiwe na wasiwasi, nyumba hii tangu ijengwe haijawahi kupigwa na radi.