Riwaya za mapenzi za Zama za Kati: mwandishi ana ruhusa ya kuilainisha historia?

Kalamu Kavu: Mada iliyo mezani ni riwaya za mapenzi zinazowekwa Uingereza ya karne ya 12 na 13, zile za ngome, naiti (askari wa farasi wa tabaka la juu) na binti mwenye urithi. Kundi moja linasema utamu wake ni uongo mtupu: mwanamke wa wakati ule hakuwa na kauli, kwa hiyo kumwandika akichagua mume ni kumlaghai msomaji. Kundi la pili linasema ni burudani tu, historia ikae pembeni. Mimi nayakataa yote mawili. Sheria ya ndoa ya wakati ule ndiyo inayoziendesha hadithi hizi. Ukiitoa, kinachobaki ni watu wa leo waliovaa nguo za maigizo. Karibuni, ila leteni hoja zenye mwaka.

Wakili wa Mjane: Basi tuanze na ridhaa. Papa Alexander III (1159–1181) aliweka msimamo kwamba ndoa hufungwa kwa maneno ya wawili wenyewe. Mwanamume akisema "nakuoa" na mwanamke akakubali papo hapo, wameshaoana, hata kama hakuna padri, mzazi wala shahidi. Akisema "nitakuoa", huo ni uchumba. Wakilala pamoja baada ya hapo, uchumba unageuka ndoa. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa wa 1215, uliagiza ndoa itangazwe kanisani kwanza. Aliyekwepa aliadhibiwa, lakini ndoa yake haikuvunjwa. Mambo yakaenda hivyo mpaka Mtaguso wa Trento ulipobadilisha kanuni ya Kanisa Katoliki mwaka 1563.

Sasa tazama mwandishi anachopewa bure: tofauti ya "na" na "ta" ndani ya kitenzi ndiyo inayoamua kama binti ni mke wa mtu au bado. Na hatari imo humo humo. Mmoja akikana, mahakama ya askofu haina shahidi wa kumwita. Mwanamume anaweza kuoa mwingine hadharani, na mahakama ikamwamuru akae na huyo wa pili, ilhali mbele ya Mungu mkewe ni wa kwanza. Sasa adui wa kubuni wa nini?

Mpinga Hadaa: Wakili, unapamba. Ridhaa hiyo ilikuwa ya vitabuni. Baba aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme akifa, mtoto anaingia chini ya ulezi wa mfalme, na mfalme anauza haki ya kumwoza. Mwaka 1185 maofisa wa Henry II, mfalme wa Uingereza, walizunguka wakiandika wajane na yatima wa aina hiyo: umri wao, watoto wangapi, ardhi ina thamani gani, hadi mifugo iliyopo. Hiyo ni orodha ya dukani. Mwaka 1189 William Marshal, naiti aliyekwisha kuvuka miaka 40, alipewa Isabel de Clare, mrithi wa ardhi kubwa Wales na Ireland, binti wa miaka kama 17. Neno ni "alipewa". Kanisa lenyewe liliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 12. Halafu mnatuuzia shujaa wa miaka 28 na bibi harusi wa 22, wote wamengojeana kwa hiari!

Wakili wa Mjane: Takwimu zako sizipingi, ndugu. Napinga kwamba hakuna mlango. Mlango ni mjane. Magna Carta, hati ya 1215 iliyomwekea mfalme wa Uingereza mipaka, kifungu cha 7, inampa mjane siku 40 za kukaa nyumbani kwa marehemu, na ndani ya siku hizo akatiwe fungu lake, ambalo kwa kawaida ni theluthi ya ardhi ya mume. Kifungu cha 8 kinasema asilazimishwe kuolewa akitaka kukaa bila mume. Lakini pana mtego: lazima aweke dhamana kwamba hataolewa bila idhini ya mfalme au ya bwana aliyempa ardhi. Kwa hiyo anaweza kumkataa yeyote, ila hawezi kumkubali amtakaye. Mwanamke wa miaka 24, ana ardhi, ana siku 40. Riwaya hiyo inajiandika.

Mtafsiri Mchovu: Naomba kuingilia kidogo. Wanaozileta riwaya hizi kwa Kiswahili wanaandika "mahari" kila mahali, na hapo msomaji anapotea. Theluthi ile inatoka kwa mume, na mke anaishika akishafiwa. Ipo pia ardhi ambayo baba wa binti anaitoa iende pamoja na bintiye, yaani kinyume kabisa cha mahari yetu. Andikeni "theluthi ya mjane" na "ardhi ya kuozea", mambo yaishe.

Chuma na Uzi: Mnabishana sheria huku jalada lina mwanamume wa Scotland wa mwaka 1250 amevaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Scotland. Vazi hilo lilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 16. Deraya (vazi la chuma la vita) ya mabamba mwili mzima katika karne ya 12, hapana: wakati huo ni deraya ya pete, kilo 10 hadi 15. Viazi mezani kabla ya Columbus kufika Amerika mwaka 1492, hapana. Mkanda wa chuma wa kumfungia mke asizini, futeni kabisa. Mchoro wake maarufu ni wa 1405 na unaelekea kuwa mzaha, na vile vya makumbusho vingi vilitengenezwa karne za baadaye.

Na korseti, vazi la kubana kiuno, inayoraruliwa! Haikuwepo. Kilichokuwepo ni kitamu zaidi. Katika karne ya 13 mkono wa gauni la mtindo ulibana kwenye kifundo kiasi kwamba kiganja hakipiti. Basi nguo ikishavaliwa, mtu anaushona kwa uzi, na jioni anaufumua. Vifungo vilienea baadaye. Mwandishi anayejua hilo anaweza kuandika ukurasa mzima wa mwanamume anayekata uzi mshono kwa mshono, kisu kikipita juu ya mshipa, na hajafunua chochote.

Mpinga Hadaa: Uzi nimeukubali, mjane nimemkubali. Ila msinitajie Eleanor wa Aquitaine kama ushahidi, maana najua anakuja.

Kalamu Kavu: Anakuja ndiyo. Ndoa yake na Louis VII, mfalme wa Ufaransa, ilibatilishwa Machi 1152 kwa hoja ya undugu. Mei mwaka huo huo akaolewa na Henry, yule aliyekuja kuwa Henry II, ambaye undugu wao haukuwa wa mbali zaidi.

Mpinga Hadaa: Na alikuwa na Aquitaine nzima mkononi, jimbo kubwa la kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mpe mjakazi wake uchaguzi huo huo, kisha uniletee mwaka na kifungu.