Embe kavu na krispi za muhogo pakiti moja: krispi zinalainika, msaada wakuu

mkaushaji_tz
Habari za humu. Pakiti ina embe kavu gramu 70 (unyevu 15%) na krispi za muhogo gramu 30 (unyevu 3%). Plastiki nzito, imezibwa kwa joto, haivuji. Bado krispi zinalegea kama zimeachwa wazi, ila embe halibadiliki. Niongeze unene wa plastiki?

Kitunguu
Tupia vifuko vya silika jeli (vile vya chembe zinazonyonya unyevu).

mizani_na_moto
Plastiki haina kosa, unyevu unatoka humo humo ndani. Maji hayafuati asilimia, yanafuata potenshali ya kikemia (msukumo wa maji kutaka kutoka yalipo): hutoka ilipo kubwa kwenda ilipo ndogo mpaka zilingane. Kipimo chake rahisi ni aktiviti ya maji (aw), yaani unyevuanga wa hewa iliyotulia pamoja na chakula, ukigawa kwa 100. Embe la 15% liko karibu na 0.6, krispi mpya chini ya 0.3. Zikikaa pamoja lazima zikutane mahali.

Sasa piga hesabu. Krispi gramu 30 zikitoka 3% kufika 6% zimekunywa takriban gramu 1 tu. Embe lina gramu 10.5 za maji. Likitoa hiyo moja linabaki karibu na 14%. Ndiyo maana huoni tofauti kwenye embe: lina akiba kubwa, kwa hiyo mlingano unaangukia upande wake. Krispi nyingi hupoteza ukakamavu aw ikipita 0.4 hadi 0.5.

Silika haichagui, Kitunguu. Nayo inaingia kwenye mlingano uleule na kulikamua embe. Kwa unyevuanga wa 40% hubeba kama moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo kifuko cha gramu 1 kinachukua gramu 0.2. Hakitoshi hata kuziokoa krispi.

mkaushaji_tz
Nimekupata mkuu. Naipimaje hiyo aw bila mashine ya maabara?

Bi_Stoo
Chupa ya kioo yenye mfuniko usiopitisha hewa na haigromita (kipima unyevuanga) ndogo ya dijitali. Anza kuihakiki: weka chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo, iwe kama mchanga mbichi, isiguse kifaa. Kwa nyuzi 25 lazima isome 75%. Ikisoma 71, ongeza 4 kwenye vipimo vya karibu na hapo. Kisha katakata embe, jaza zaidi ya nusu chupa, funga, acha usiku kucha kivulini. Chupa ikipigwa na jua upande mmoja, joto halilingani na namba inakudanganya.

mizani_na_moto
Dawa ya uhakika ni kifuko kidogo ndani ya pakiti, krispi peke yake. Ukishusha embe hadi 0.4 linakuwa kama ngozi ya kiatu. Gliserini ya chakula hulilainisha embe lililokaushwa zaidi, ila inabadilisha ladha na ni lazima iandikwe kwenye lebo.

mkaushaji_tz
Na nikiweka korosho badala ya krispi? Zina 5%, embe 15%. Si ndiyo yaleyale?

Bi_Stoo
Hapana. Korosho ina mafuta mengi, na mafuta hayashiki maji, kwa hiyo hata hiyo 5% inaipandisha karibu na 0.6. Ziko sawa na embe, maji hayana pa kwenda. Za kukaangwa ni habari nyingine: hizo ni kavu zaidi, zitalegea kama krispi. Pima zote mbili kwenye chupa kabla ya kuchapisha lebo.