Ramani ya majira ya joto Colorado: asilimia 50 maana yake nini?

Kutoka: Aurora

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Nimehamia Aurora, kando ya Denver, mwezi wa tatu nikitokea Houston. Jana nimeona ramani ya mwelekeo wa hali ya hewa, Juni hadi Agosti. Jimbo zima limepakwa rangi ya joto na imeandikwa asilimia 50. Mume wangu anasema maana yake joto litaongezeka kwa nusu. Mimi naona haiwezekani. Tumepanga nyumba isiyo na kiyoyozi, tuna mtoto wa miaka 2, na gari linalala nje. Ninunue kiyoyozi sasa au nisubiri? Na kama kuna jambo la huku ambalo mgeni halijui, naomba mniambie mapema.

Mdogo wenu

---

Kutoka: Lakewood

Marahaba mdogo wangu, karibu sana.

Ramani ile hutolewa na kituo cha serikali kilicho chini ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, kila Alhamisi ya tatu ya mwezi. Haisemi joto litapanda kiasi gani. Wanagawa majira katika mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Wasipokuwa na dalili yoyote, kila fungu linapata kama asilimia 33. Wakiandika 50 upande wa joto, maana yake fungu hilo limepewa nafasi moja kati ya mbili badala ya moja kati ya tatu. Joto lenyewe laweza kuzidi kwa nyuzi moja tu. Ni lugha ile ile ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa Tanzania, wakitangaza masika, "wastani hadi juu ya wastani". Mkulima anayeisikia anachagua mbegu, lakini bado hajui Jumanne mvua itanyesha au la.

Joto la huku si la Houston. Denver iko mita 1,609 juu ya bahari na hewa ni kavu. Mchana unaweza kuwa mkali kweli: rekodi ni nyuzi 105 za Farenhaiti, karibu 41 za Selsiasi, na ilifikiwa 2012 na tena 2018. Lakini alfajiri mara nyingi utavuta blanketi. Fungua madirisha usiku, weka feni ivute ubaridi, kisha ikifika saa 3 asubuhi funga kila kitu na uteremshe mapazia.

Utakuta nyumba nyingi zina mashine inayopoza hewa kwa maji. Huku inafaa kwa sababu hewa ni kavu. Houston isingekusaidia kitu. Shida yake ni kwamba inavuta hewa ya nje, na kukiwa na moto mlimani itakuletea moshi mpaka kitandani. Mwaka 2020 moto wa Cameron Peak uliunguza ekari zaidi ya 208,000, na kuna siku jua lilikuwa jekundu mchana kweupe. Kwa mtoto wa miaka 2, mimi ningenunua kiyoyozi kidogo cha dirishani kwa chumba chake tu, na ningenunua sasa kabla watu hawajavikimbilia madukani.

Lakini kilichonifanya nikae chini kuandika ni hilo gari lako linalolala nje.

Tarehe 8 Mei 2017 nilikuwa kazini hapa Lakewood. Asubuhi anga jeupe kabisa. Baada ya saa 8 mchana ikashuka mvua ya mawe, mengine makubwa kama mpira wa gofu na zaidi. Jengo la maduka la Colorado Mills liliharibika paa, likafungwa kwa miezi. Hasara iliyolipwa na bima siku ile ilipita dola bilioni 2. Yangu haikuwemo, kwa kuwa nilikuwa na bima ndogo. Kioo cha mbele, cha nyuma, bati lote la juu, nililipa mwenyewe kwa mwaka mzima. Bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga. Mawe ya mbinguni yanalipwa na bima kubwa peke yake, na lazima uwe nayo kabla hayajaanguka. Na ramani ya miezi mitatu haitakwambia lolote kuhusu alasiri kama ile.

Sababu ya mawe kuwa mengi huku ni huo mwinuko. Tabaka la hewa lenye baridi ya kugandisha liko karibu na ardhi, kwa hiyo barafu inatufikia kabla haijayeyuka. Tazama milima ya magharibi saa 6 mchana: mawingu yakianza kurundikana kama koliflawa, alasiri yatatembea kuja kwetu uwandani. Kuanzia mwisho wa Aprili hadi Agosti panga shughuli zako za nje asubuhi.

Halafu lile neno la tahadhari linalokuja kwenye simu. Ikisema "watch", mazingira ya dhoruba yapo, sogeza gari. Ikisema "warning", dhoruba imeonekana kwa rada au kwa macho. Mbebe mtoto uingie ndani, gari liache.

---

Kutoka: Fort Collins

Kaka wa Lakewood amesema vyema. Mimi nimekulia Kericho, kwenye chai, mvua ya mawe naijua tangu utotoni, na bado ya huku ilinitisha.

Naongeza la milimani, kwa kuwa najua Julai mtataka kwenda Estes Park na watoto. Kuanzia Julai unyevu huja kutoka kusini magharibi, na ngurumo huwa karibu kila alasiri. Ukipanda mlima, saa 6 mchana uwe umeshaanza kushuka chini ya mstari wa miti, yaani pale miti inapoishia, kwa sababu ya radi. Na bonde la Big Thompson, njiani kwenda huko Estes Park, mliheshimu. Jioni ya Julai 31, 1976, mvua ya saa chache kule juu iliteremsha maji yaliyoua watu 144, na wengi walikuwa chini kabisa ambako mvua haikuwa kitu. Mtaona vibao vinavyosema "panda juu uokoke". Vinamaanisha hivyo hivyo: acha gari, beba watoto, panda kwa miguu. Usishindane na maji kwa gari bondeni. Palipoungua ni pabaya zaidi, maana udongo hauna kitu cha kunywa maji. Julai 2021 watu walikufa hivyo katika bonde la Poudre, chini ya mahali palipoungua na ule moto wa Cameron Peak.

---

Kutoka: Aurora

Asanteni sana kaka zangu. Nimemsomea mume wangu yote, amenyamaza kidogo, kisha akachukua simu mwenyewe. Kumbe tulikuwa na bima ndogo tangu Houston. Tumepandisha leo, dola 500 za kwanza tutalipa sisi, zinazobaki ni zao. Kiyoyozi mwenye nyumba amekubali, kimoja, dirisha la chumba cha mtoto.

Nina swali moja limebaki. Mume wangu anafanya kazi zamu ya mchana na gari linakaa uwanjani mpaka saa 4 usiku. Kuna anayejua jengo la maegesho lenye paa upande wa Aurora, linalokubali malipo ya mwezi?

Mdogo wenu