Bakuli la kijani la bibi, dalali analitaka kwa nguvu. Nifanyeje?

Mjukuu_Kivinje: Wakuu habari za jioni. Bibi yangu yuko Kilwa Kivinje, ana bakuli moja zito la kijani, ule ukijani wa embe bichi, alirithi kwa mama yake na miaka yote linakaa kabatini. Juzi kapita dalali wa vitu vya zamani akaligeuzageuza akatoa laki na nusu hapo hapo, bibi kakataa, jamaa akapanda mpaka laki nne, hapo ndo nikashtuka maana mtu hapandi hivyo kwa bakuli la uji. Ndani lina maua ila hayana rangi, unayaona ukilielekeza kwenye mwanga tu. Tuuze? Na nitajuaje kama ni la kale kweli?

Pweza_Mkavu: Picha mkuu, bila picha hizi ni hadithi. Mabakuli ya kijani yamejaa Kariakoo.

Chungu_Kimoja: Usiuze kitu hujakijua. Inaweza kuwa kauri ya Longquan, hiyo ni Zhejiang huko China, walizichoma sana enzi za Song, Yuan mpaka Ming, kwenye matanuri marefu yaliyopanda mlima wanayaita matanuri ya joka. Ule ukijani ni chuma kidogo tu, moto ukinyimwa hewa ndo inatoka hivyo. Meli zilizileta sana pwani yetu, vipande vyake vimefukuliwa Kilwa Kisiwani na Gedi, na makaburini watu walikuwa wanapachika mabakuli ya Kichina kwenye nguzo. Nenda Kunduchi magofuni leo, mengi yameshang'olewa yamebaki mashimo, akina dalali hao hao.

Sasa geuza bakuli uangalie kitako. Pale ambapo rangi haikufika udongo umeungua mwekundu-mwekundu au umebaki mweupe tu? Halafu pitisha kidole kwenye maua.

Mjukuu_Kivinje: Nimempigia mdogo wangu kaangalia na tochi. Kitako kina duara jekundu kama tofali. Maua yamevimba kidogo, hayana makali. Pembeni kuna ufa na vipini vinne vya chuma vimeshona ule ufa.

Chungu_Kimoja: Wekundu ni dalili nzuri, siyo hukumu. Maua yakichongwa kwa kisu unakuta mfereji, upande mmoja umesimama mwingine umelala, rangi inajaa mle ndani inakuwa kijani kizito. Ya kwako yamevimba, hiyo ni kalibu, wanagandamiza udongo mbichi kwenye kalibu yenye maua, kazi inaenda haraka, na juu ya mgongo wa ua rangi inakuwa nyepesi karibu nyeupe. Ila watu wasikudanganye kwamba kalibu ni feki, kule kaskazini mwa China, Yaozhou, walitumia kalibu tangu enzi za Song na maua yake ni matamu balaa. Feki ni mengine, Longquan yenyewe wanachoma mpaka leo na wapo wanaoyachakaza na asidi yaonekane mazee. Vipini ndo vimenifurahisha, mtu hashoni bakuli la bei chee.

Mama_Kauri: Mwambie mdogo wako asiguse jiki wala stili waya, na huo ufa asitie supaglu. Maji ya vuguvugu na kitambaa basi. Kuhusu dalali, kuna sheria ya mambo ya kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 hakitoki nje ya nchi bila kibali, kwa hiyo muulize huyo jamaa anampelekea nani. Ukitaka kujua ukweli wapelekee watu wa Idara ya Mambo ya Kale picha, kitako kwanza, maua baadaye.

Pweza_Mkavu: Haya nimetulia. Ila laki nne na mvua hizi…

Mjukuu_Kivinje: Nimemwambia bibi. Kasema mama yake ndo alimpa fundi alishone, alimlipa kuku wawili, na halitoki humo ndani akiwa hai. Kesho napiga picha nazituma Mambo ya Kale, dalali akirudi atakunywa chai aende.